Bahari Imeingia Bustanini

Mama mkubwa, shikamoo.

Najua hutaitikia. Hata ulipokuwa hai hukuwa na haraka. Ulininusa kwanza ujue nimetoka wapi, ndipo ukasema marahaba. Ni mimi Mwinyi, mtoto wa mdogo wako, niliyefika Maskati nikarudi, kwa maneno yako, na viatu vinavyong'aa kuliko adabu.

Tangu tukuzike hapa uani, kando ya asumini zako, bustani imekuwa mikononi mwangu. Usicheke. Msambweni nzima hakuna anayejua mimea kunishinda, na Diani hakuna hoteli isiyonijua, ingawa wasimamizi wao wa bara waliniita "mtu wa shamba." Kwao kila penye jani ni shamba. Nilipokusimulia uliniuliza, "Hizo nyasi unazozikata zanukia?" Nikasema hazinukii, lakini wageni huzipiga picha. Ukasema, "Basi hilo ni zulia, mwanangu. Shamba ni la tumbo. Bustani ni ya pua."

Nami nikakutambia. Kule Maskati Muajemi mmoja tuliyefanya naye kazi alinieleza kuwa neno lenyewe limetoka kwao: bu ni harufu, stani ni mahali. Mahali pa harufu. Nililitangaza kana kwamba nimelivumbua mimi. Ulikuwa unatunga vikuba, vile vishada vya asumini vya kuvaa kifuani, hukuinua hata uso. "Mpe salamu," ukasema. "Mwambie huku bado lafanya kazi."

Mama mkubwa, sina hakika kama bado lafanya kazi.

Ilianza upande wa ufuoni. Mlangilangi ulipukutisha majani si wakati wake. Nikasema ni wadudu, maana mimi sikosi jibu. Kisha mkadi ukakauka ncha, kama karatasi iliyopitishwa motoni. Kisha safu ya kwanza ya asumini. Nikachota maji kisimani, nikaonja, nikatema. Chumvi. Majumba mapya ya ufuoni yanavuta maji ya chini kwa mashine kutwa kucha, na yakipungua bahari inaingia kujaza nafasi. Haina kelele wala haraka. Inatembea chini ya nyayo zetu, na kila nikiamka nakuta imesogea.

Nyuki hawaji tena.

Juzi walikuja akina mama kuchuma maua ya harusi ya Mwanaisha, binti wa jirani. Desturi yako sijaivunja: mwenye harusi na mwenye maiti hawakatazwi wala hawalipishwi. Nikawatania, "Chumeni, na bwana harusi akichelewa, mimi nipo." Wakacheka, wakachuma. Kisha Bi Riziki, mwenzako wa kutunga, akajaza kiganja akanusa. Akanusa tena. Akampa aliye karibu naye, naye akampa wa pili, na kicheko kikaisha mmoja baada ya mwingine. Maua yalikuwa meupe, yamejaa, na hayanukii kitu.

"Mwinyi," akaniambia taratibu, "haya hatuwezi kumvisha mwali."

Wakayaacha juu ya mkeka wakaenda kutafuta mengine Tiwi. Niliyafagia mwenyewe.

Sasa nimekata matawi ya kupandikiza, ya asumini, ya kilua, ya mrehani. Kesho nayapeleka Kikoneni kwa dada, ambako maji yangali matamu. Bustani yako itahama, Mama mkubwa. Yote nitayahamisha. Lakini wewe... wewe siwezi kukung'oa. Na maji yanakuja upande wako.

Leo asubuhi nilichuma jani la ule mrehani ulio kichwani kwako. Lilinukia, alhamdulillahi. Nikalitafuna, nikasikia chumvi. Nikajiambia ni jasho la vidole vyangu. Nikanawa, nikachuma jingine.

Hilo la pili lilikuwa na ladha gani, sitakwambia.

Mwenyezi Mungu akulaze pema. Kila Ijumaa nitakuja na madumu ya maji kutoka Kikoneni, na mrehani wako utakunywa kabla mimi sijanywa. Na siku asumini za kule zitakapochanua, nitakuletea kikuba cha kwanza, nikiweke hapo kichwani. Usiitikie salamu yangu haraka. Ninuse kwanza, utajua nimetoka wapi.

Mwanao,
Mwinyi