Mlango Uliohamia Kawangware

Jumanne, Machi 2008. Mawingu mazito tangu asubuhi na joto la kukaba, lakini mvua haijashuka. Nimerudi nyumbani Riruta saa kumi jioni. Nina hasira na hakuna wa kumtupia.

Miaka mingi nimeandika makosa ya watu wengine. Leo naandika langu.

Mwaka jana, kabla kampeni hazijachemka, nilifuatana na watu waliokuwa wakihesabu nyumba katika kipande kimoja cha mtaa wa Raila, kule Kibera. Kulikuwa na mpango wa ujenzi. Ramani ilionyesha barabara itapita wapi, mtaro wapi, shule wapi, makazi wapi. Watu wa awamu ya kwanza wangehamia nyumba za muda, pao pavunjwe pajengwe, halafu warudi. Baada yao awamu ya pili, na kuendelea. Kila mlango ulipakwa namba kwa rangi nyekundu.

Mutinda alikuwa awamu ya kwanza. Ni fundi wa milango, mtu wa Kitui, mpangaji wa chumba kimoja kwa miaka mingi. Chumba ni cha mwenye nyumba, lakini mlango ni wake: alikuta umeoza, akatengeneza mwingine wa mabati mazito na fremu ya mbao ngumu, bawaba tatu badala ya mbili. Siku ya kuhesabiwa alisimama kando yake kama mtu anayepigwa picha ya harusi.

Nilimweka kwenye makala. Na nikaandika sentensi hii: "Namba ya mlangoni ndiyo hati ya mpangaji."

Ilikuwa sentensi nzuri. Mhariri aliisifu. Nami niliipenda, na hapo ndipo nilipopaswa kuanza kuitilia shaka.

Kwa sababu mpimaji wa mpango alikuwa ameniambia jambo jingine, na ninalo kwenye daftari. Alisema namba ni ya ramani tu, inawasaidia kujua nyumba iko wapi. Atakayeingia kwenye orodha ya kuhamishwa ni yule watakayemkuta ndani siku watakayorudi kuhakiki. Maelezo hayo yalikuwa yanaiharibu makala mwishoni, yanaifanya nzito. Nikayaacha nje.

Januari mambo yakaharibika. Baada ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa, kila mtu alijua jirani yake anatoka wapi. Watu wa Kitui walianza kuulizwa njiani walimpigia nani kura. Mutinda alikaa siku kadhaa, halafu akaamua kwenda kwa binamu yake Kawangware, sehemu ya Congo. Alikuwa na nafasi ya kubeba kitu kimoja kikubwa.

Aling'oa mlango.

Alinieleza mwenyewe wiki iliyopita, aliponipigia simu. Aliubeba kichwani na binamu yake, saa nne asubuhi, watu wakitazama. Mmoja akamwita, "Fundi! Umebeba mlango, na dirisha umemwachia nani?" Akacheka nao. Hakujali. Alikuwa na makala yangu mfukoni, imefungwa kwa karatasi ya nailoni, na hati yake kichwani.

Kibera mwenye nyumba akitaka kukutoa haendi mahakamani. Anang'oa mlango. Mtaa mzima unaisoma ishara hiyo: chumba kisicho na mlango hakina mpangaji. Mutinda alilijua hilo kuliko mimi. Aliamini tu kwamba gazeti linajua zaidi ya mtaa.

Watu wa mpango walirejea kuhakiki mwishoni mwa Februari. Wakamkuta mtu mwingine chumbani, wakamwandika.

Leo asubuhi nimekwenda naye kwenye ofisi yao ya pale mtaani. Alitaka kuubeba mlango kama ushahidi. Nilimwambia auache Congo. Karani alikuwa mama mmoja mtulivu, na kando yake mwenyekiti wa kamati ya mtaa. Mutinda akataja namba yake.

"Mzee, hiyo namba ni ya pale mahali," karani akasema. "Si ya mlango."

"Lakini mwandishi mwenyewe ndiye huyu. Aliandika."

Karani akanigeukia. "Ni wewe uliandika?"

"Ni mimi."

"Nani alikuambia?"

Hilo ni swali langu. Nimewauliza watu wengi swali hilo na kuwatazama wakitafuta jibu. Leo nimeulizwa mimi.

Mwenyekiti alikuwa anacheka polepole, bila ubaya. "Mutinda, wengine walifukuzwa na landilodi. Wewe ulijifukuza."

"Nilifikiri naokoa nyumba," Mutinda akasema.

Karani akatupa njia moja. Orodha inafungwa Ijumaa. Kama mtu asiye wa ukoo wake, aliyekuwepo siku ya kuhesabu, ataandika barua kwamba alimkuta Mutinda akiishi pale, kamati italifikiria upya. Lakini kila chumba kinatoa jina moja tu. Akiingia Mutinda, aliyeandikwa anatoka.

Tukaenda kumwona. Wanamwita Mama Brayo, Mluhya wa Bungoma, muuza mboga, ana watoto watatu. Alitolewa Kawangware kwa vurugu Januari hiyohiyo, akaja Kibera kwa watu wake. Alituambia akiwa amesimama, mikono kiunoni.

"Nilikuta shimo, nikaweka pazia. Sikufukuza mtu."

Mutinda alikuwa haangalii uso wake. Alikuwa anaangalia mlango mpya, wa mbao za masanduku, akaugusa. "Mama, hii bawaba itaanguka."

"Iache ianguke, fundi. Ni mlango wangu."

Tuliporudi barabarani Mutinda aliniuliza kitu kimoja tu: kama nitaandika barua. Nikasema ndiyo.

Nimekaa na barua hiyo tangu saa kumi na moja. Kazini haturuhusiwi kutoa ushahidi katika mgogoro tulioripoti, na kanuni hiyo nimeitetea mbele ya vijana wa chumba cha habari. Nitaivunja. Si hilo linalonichelewesha.

Barua ya kumsaidia Mutinda ni fupi: nilikuwepo, nilimkuta akiishi pale. Yote ni kweli. Ikiishia hapo ina nguvu.

Haikuishia hapo. Nimeandika kwamba aling'oa mlango kwa sababu aliamini maneno yangu, na kwamba maneno hayo yalikuwa nusu ya niliyoambiwa. Halafu nimeandika kwamba leo nimemkuta Mama Brayo ndani ya chumba hicho na watoto wake, na kwamba hakumfukuza mtu.

Nimempigia Mutinda nikamsomea yote. Nilisikia randa ikipita kwenye mbao, inasimama, inapita tena.

"Hiyo ya mama," akasema, "lazima iwe ndani?"

"Lazima."

"Itaniharibia?"

"Inaweza."

Randa ikapita tena. "Basi ipeleke hivyo. Uliandika kwanza bila kuniuliza, leo angalau umeuliza."

Sikumsahihisha. Sikuwa nimeuliza. Nilikuwa nimemsomea kitu nilichokwisha kuamua.

Barua iko kwenye bahasha. Kesho ofisi inafunguliwa saa mbili asubuhi, nami nitakuwa pale kabla ya kufunguliwa. Kamati ikimrudisha, mama mwenye watoto watatu atatafuta chumba kingine. Ikikataa, fundi atabaki Congo, na kipande chake cha Raila kitajengwa bila yeye.

Jioni nzima najiuliza: barua hii nimemwandikia Mutinda, au nimejiandikia mwenyewe?