Paka Aliyeletwa Kila Jumamosi

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa kituoni mbele ya koplo wa zamu

Jina: liko kwenye jalada, mtaani naitwa Mama Fotokopi
Umri: miaka 51
Kazi: nina duka la fotokopi, pia naandikia watu barua, ni katibu wa kamati ya wapangaji
Makazi: chumba cha chini, nyumba ya mtuhumiwa, mkabala na geti

Naeleza kwa hiari yangu, bila kutishwa wala kuahidiwa kitu.

Kwanza ieleweke kwamba mimi si rafiki wa wenye nyumba. Nimegombana nao tangu nywele zangu zikiwa nyeusi zote. Mpangaji akihama, ukuta uliochakaa kabla hajazaliwa unakuwa kosa lake, na pesa ya amana aliyoweka alipoingia inaliwa mchana kweupe. Koplo ameniambia niache hotuba, nieleze nilichokiona. Naeleza. Lakini nimetaka hilo liandikwe, ili mtu asije akasema nimehongwa kumtetea mzee.

Mtuhumiwa ni mwenye nyumba wetu. Tunamwita Mzee Komeo, kwa kuwa hufunga geti mapema na ufunguo hulala nao. Mlalamikaji ni muuguzi, binti aliyepanga chumba cha juu pamoja na paka wake mzee aitwaye Tajiri. Mkataba wa nyumba unakataza wanyama. Mwanzoni mzee alimfokea huyo binti kila wiki. Mwaka jana mke wa mzee aliugua, akawa mtu wa kitandani. Tangu hapo mzee akimkuta Tajiri kwenye ngazi alikuwa akisema, "Sijaona kitu," na kupita. Paka aliingia kwa dirisha na kulala miguuni pa mgonjwa kutwa nzima. Sisi majirani tulikwenda kumjulia hali, tukakaa kidogo, tukakumbuka tumeacha sufuria jikoni. Tajiri hakuwa na sufuria.

Yule mama alifariki. Baada ya msiba muuguzi alihamishiwa hospitali nyingine, akahama chumba na kudai amana yake. Mzee akakataa. Alisema paka amekwangua mlango wa jikoni na lazima akate gharama. Binti alikuja dukani kwangu analia, maana alikuwa amekopa ili alipie chumba kipya. Nikamwandikia barua ya madai, barua yenye meno. Nikamwambia, "Mwanangu, Jumamosi mlete huyo paka. Huyo ni kielelezo. Apimwe na huo mlango, tuone kama kucha zake zinafika."

Alimleta ndani ya kikapu. Mzee alimtoa mwenyewe, akamsimamisha mlangoni, akatazama alama, akatazama kucha, kisha akampakata. Walikaa hivyo mpaka chai ya mzee ikapoa. Mwishowe akasema mwanga hautoshi, kielelezo kirudishwe Jumamosi nyingine. Siku hiyo ilipofika, alisema lazima seremala awepo. Safari iliyofuata seremala alikuwepo, akagonga mlango kwa kidole na kusema, "Mzee, hapa paka hana hatia. Hawa ni mchwa."

Mzee akamjibu, "Wewe ni seremala au wakili? Wiki ijayo nitaita mwingine."

Mimi nilikuwa nawaka. Nilimwambia binti, "Anakuzungusha huyo. Mbinu yao ni hiyohiyo, wanakuchosha mpaka uache haki yako." Kweli alikuwa anamzungusha. Lakini niseme pia kwamba kila Jumamosi, kabla binti hajafika, kiti cha marehemu kilikuwa kimeshatolewa barazani, na juu yake taulo safi limekunjwa.

Mnamo tarehe 14 ya mwezi huu, Jumamosi, saa nne asubuhi, nilikuwa nafungua duka langu, hapo karibu na geti. Binti alifika na kikapu, ndani mna nguo zake za kazi tu. Mzee alikuwa amesimama getini. Nilisikia hivi:

"Tajiri yuko wapi?"

"Nimemwacha nyumbani. Mzee, naomba dipoziti yangu tumalizane."

"Na ukaguzi?"

"Ukaguzi gani tena? Paka mwenyewe meno yameisha! Simleti tena, nimechoka."

Mzee alishika kikapu. Sijui alitaka kukifanyia nini, na nadhani hata yeye hajui. Binti akavuta, mzee akavuta, mkono wa kikapu ukakatika, binti akaangukia geti na kuteguka kifundo cha mkono. Wapita njia wakapiga kelele, "Mzee anapiga mtoto wa watu!" Mmoja akawapigia simu nyinyi. Nimeelezwa kwamba mzee atawekwa mahabusu kwa shambulio. Nasema hakuinua mkono. Nilikuwa karibu kuliko hao wote waliopiga kelele.

Baada ya binti kuanguka, mzee aliketi chini palepale kwenye vumbi. Alimwambia, "Nisamehe, mama. Yule paka ndiye aliyekaa na mke wangu mpaka mwisho. Mimi nilikuwa naogopa kuingia mle chumbani."

Hapa kituoni, tukiwa kwenye benchi, mzee alitoa bahasha mfukoni na kumpa binti.

"Iko yote. Sijakata kitu."

"Ulikuwa nayo muda wote huu?"

"Tangu ulipohama."

"Sasa si ungeniambia tu unataka kumwona?"

"Ningeanzaje? Mkataba wa kukataza paka niliuandika mimi."

Binti alimsogelea kidogo, kwa kuwa benchi lilikuwa na upepo upande ule.

Kushika amana ya mtu ni dhuluma, hata ukiishika kwa upweke, na kamati itamwandikia mzee barua kali. Lakini kumpiga, hakumpiga. Sitakubali mtu alale mahabusu kwa kosa ambalo hakulitenda, hata kama ana nyumba.

Nilichokiona na kukisikia ni hicho. Nimesomewa, nimekubali, natia saini.

Saini ya shahidi: (imetiwa)

Maelezo ya koplo: Nimeandika na kumsomea shahidi. Nilimshauri afute sehemu inayohusu wenye nyumba, amekataa. Mlalamikaji ameomba kuondoa lalamiko, na mtuhumiwa ameachiwa. Wakati wa kutoka, mtuhumiwa alimuuliza mlalamikaji kama paka wa umri ule bado anaweza kutafuna maini. Alijibiwa, "Umkatie vidogovidogo, baba."