Jino Lililonyamaza

Bweni la Vibarua, Chumba Na. 9,
Nyuma ya karakana ya mabomba.
Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa Dada,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako. U hali gani? Shemeji hajambo? Wapwa zangu wanaendeleaje, na yule wa mwisho ameshaacha kulia akiachwa shuleni? Mimi ni mzima, ila mgongo. Mgongo huu umenizidi umri kwa miaka kumi hivi. Lakini nakula, nalala, na kazini nafika, kwa hiyo silalamiki.

Leo hatuna kazi. Wenzangu wanafua nguo uani na chumba kizima kinanuka sabuni ya mche. Harufu hiyo hunirudisha nyumbani bila nauli. Nimekumbuka ngazi ya mlango wa nyuma, sisi wadogo zako watatu tumejipanga, na wewe umeshika kopo la chumvi iliyochanganywa na mkaa wa kusaga.

"Fungua. Zaidi. Unafungua mdomo au unatoa siri?"

Ulikuwa na miaka kumi na miwili, na tulikuogopa kuliko mwalimu mkuu. Mama alikuwa ameshatuacha, na Mzee alitoka alfajiri na sanduku lake la useremala. Meno yetu yote yalikuwa juu yako. Hakuna aliyekwambia ahsante. Nasema leo, nimechelewa kidogo tu, miaka thelathini na kitu.

Barua yako ya mwezi uliopita nimeisoma mara nne. Habari za paa jipya zimenifurahisha. Lakini kuna maneno uliyapachika mwishoni, baada hata ya salamu za jirani, kana kwamba hayana uzito. Umesema lile jino la nyuma, upande wa kushoto, lililokutesa wiki tatu, limenyamaza lenyewe. Kimebaki kipele kwenye ufizi, kinapasuka na kutoa maji ya chumvichumvi, kisha kinarudi. Ukaandika, "Limepona." Tena ukasema Shemeji alitaka ukapigwe picha ya eksirei ukakataa, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuwaandikia jinsi watu wanavyoikimbia eksirei huku kazini.

Dada, hapo nilikaa kitako. Kumbe barua yangu ndiyo iliyokutia hofu. Sasa acha barua yangu nyingine iiondoe, maana kwa simu utanicheka na kuniuliza habari za mvua.

Ni kweli niliandika hivyo. Hapa tunaunganisha mabomba mazito ya chuma. Fundi akimaliza kuchomelea, maungio yanang'aa kama kikombe kipya, lakini hakuna anayemwamini kwa macho. Anakuja mpiga picha na kisanduku chake, kamba nyekundu inazungushwa, king'ora kinalia, na sisi vibarua tunatimua mbio mpaka nyuma ya ukuta wa zege. Picha ikitoka, mara nyingine ndani ya ule mng'aro mna tundu kama la mdudu. Hapo fundi anaanza upya na matusi juu. Hayo yote niliwaandikia. Nisichowaandikia ni kilichonipata mimi mwaka jana.

Nilikuwa na jino kama lako, upande wa kulia. Liliuma mpaka nikawa nalala nimekaa. Nikaweka karafuu, nikasukutua maji ya chumvi, na siku moja likanyamaza. Nikafurahi. Nilifanya kama Mzee alivyotufundisha. Unakumbuka? Jino lake likiacha kuuma aligonga meza na kusema, "Limekufa, limezikwa, tuendelee na maisha," nasi tukapiga makofi. Kisha akahamia kutafuna upande wa pili. Ukimwangalia kwenye ile picha ya harusi yako, shavu lake la kushoto limeingia ndani kama mto uliokaliwa. Miaka yake ya mwisho ulikuwa unampondea chakula kwa mwiko. Sisi tukasema ni uzee. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, Dada. Mimi nina arobaini na tatu.

Langu lilikaa kimya miezi minane, kikabaki kipele kama chako. Kisha Jumatatu moja niliamka na uso umevimba mpaka jicho limefunga, mwili unatetemeka kwa homa. Mwenzangu wa kitanda cha juu, tunayemwita Bwana Afya kwa sababu kila kitu anakitibu kwa tangawizi, alinitazama akasema, "Hii hata mimi siiwezi." Nikajua mambo ni mabaya.

Kwenye zahanati ya meno nilimkuta daktari mwanamke, kijana kuliko sisi sote wanne. Alinikagua kwa kioo chake kidogo, akasema kinachoonekana juu hakimtoshi, anataka kuona mizizi na mfupa. Nikapelekwa chumba cha pili kwa dada mpiga picha. Akanivalisha aproni nzito kama gunia la saruji, akaniwekea kipande cha plastiki mdomoni niking'ate, akasema nisitikisike. Kisha akatoka.

Sasa mimi nifanyeje? Huku kazini mpiga picha akiondoka, na wewe unaondoka. Nikaruka kitini. Nikatoka mbio na aproni yao, plastiki mdomoni, nikapita mbele ya foleni nzima, nikahesabu hatua thelathini na kusimama nyuma ya nguzo ya lango.

Bibi mmoja aliyekuwa anasubiri zamu yake akauliza, "Huyo ameng'olewa au ametoroka?"

Dada mpiga picha akanifuata pale langoni, amejishika kiuno. "Baba, unaipeleka wapi aproni yangu?"

Nikatoa kile kipande mdomoni nikamweleza habari za kamba na king'ora. Hakunicheka, ingawa midomo ilimcheza. Akaniambia, "Yule wa kwenu anapenya chuma. Mimi napenya jino. Mionzi ya hapa ni kidogo sana, ni kufumba na kufumbua. Natoka kwa sababu mimi napiga picha arobaini kwa siku, mwaka mzima. Wewe unapigwa moja, unarudi kwako."

Nikarudi kitini. Mlio mmoja, tiii, basi. Sikusikia joto wala maumivu.

Daktari aliiweka ile picha mbele ya taa. Jino langu lilikuwa pale, jeupe, zima kabisa kwa juu. Lakini kwenye ncha ya mzizi palikuwa na doa jeusi la mviringo. Akasema hapo palitakiwa kuwa mfupa. Jino halikuwa limepona, lilikuwa limekufa ndani, na lililokufa haliumi. Usaha ulikuwa unajichimbia njia kwenye taya, na kile kipele nilichokuwa nakiminya kila asubuhi ndicho kilichokuwa mlango wake. Na doa lile lilikuwa limeshafika kwenye mzizi wa jino la jirani, ambalo halijawahi kuniuma hata siku moja.

Nikamuuliza kama ningekuja lilipoanza ingekuwaje. Akasema pengine angesafisha mzizi, akauziba, nami ningeondoka na meno yangu yote. Akayang'oa mawili, na siku sita sikwenda kazini. Alisema wapo waliokawia kuliko mimi, uvimbe ukawashukia shingoni wakakosa pumzi. Hakulisema kunitisha. Alikuwa anaosha mikono.

Mimi si daktari, niliishia darasa la sita, na huenda jino lako si kama langu. Lakini wewe huwezi kujua, mimi siwezi kujua, wala Shemeji na tochi yake hawezi. Kati ya meno na chini ya ufizi jicho halifiki. Picha haitibu kitu, ila inamwonyesha daktari pa kushika kabla hajashika. Na usidhani watakupiga picha ovyo. Wanakukagua kwanza, wakiona haja ndipo wanapiga. Waombe nakala uitunze, safari nyingine wailinganishe na mpya. Hata wapwa zangu, daktari akisema wapigwe, usikatae kwa sababu ya hadithi zangu za kamba nyekundu.

Najua utasema una kazi nyingi, paa halijaisha, na jino haliumi. Kimya kingi kina mshindo, Dada, nimeusikia mwenyewe. Tulikuwa wanne kwenye ile nyumba. Wewe ndiye pekee unayekumbuka sauti ya Mama akituamsha, mimi nilikuwa mdogo mno. Ninapotaka kuisikia nakuandikia wewe. Kwa hiyo siwezi kukuachia ulifanyie mzaha taya hilo.

Basi nimefanya jambo na usinune. Juzi nilimpigia simu Shemeji. Jumanne ya tarehe 18, saa moja asubuhi, atakuwa mlangoni na baiskeli, na zahanati ameshaiuliza, eksirei wanayo. Amesema ukikataa kupanda hatagombana nawe, ataketi hapo hapo kizingitini mpaka ukubali. Na mtu yule unamjua. Alikuposa akasubiri jibu miaka minne.

Msalimie shangazi, mwambie dawa yake ya mgongo imefika na naitumia. Wasalimie wale wadogo zako wengine wawili wakipita, na fundi cherehani wa jirani. Wapwa zangu wabusu mmoja mmoja, yule wa mwisho mara mbili.

Mungu akulinde, akupe usingizi usio na maumivu, na atukutanishe tukiwa bado tunaweza kutafuna.

Ni mimi niliye mbali kwa miguu tu,
wako akupendaye,
Kitindamimba.