Kivuli cha Bi Zena

Jumatatu, 7 Julai
Kibaha tena. Sindano ya tano, jicho la kulia. La kushoto lilishaharibika, naona pembeni tu. Daktari anasema ni ugonjwa wa uzee. Sawa, mzee ni mimi. Ganzi, chuma cha kupanulia kope, usitikisike, basi. Nesi akanikumbusha: ukiona vimulimuli, au kivuli kama pazia, usingoje, njoo siku hiyohiyo. Nikaitikia. Nalala kwa mwanangu Mwajuma, Maili Moja.

Jumatano, 9 Julai
Nimerudi nyumbani Marui. Naandika kwa kalamu nene, herufi kubwa kama za darasa la kwanza.

Alhamisi, 10 Julai
Bi Zena amefariki alfajiri. Tumeosha maiti pamoja miaka ishirini na sita, leo zamu yake. Nimemwosha na Somoe, niliyemfundisha kazi. Chumba giza. Nimefuata vidole, si macho. Upande wa kushoto sina hakika nao. Nilipaswa kusema. Nimeona aibu.

Jumamosi, 12 Julai
Vimulimuli jicho la kulia. Hata nikifumba.

Jumapili, 13 Julai
Kivuli. Kiko chini, upande wa kushoto, kama mtu aliyekaa mkekani. Nikigeuka, kinageuka. Ni Bi Zena. Najua anachodai. Ameingia kaburini na sehemu haijapata maji. Naogopa.

Jumanne, 15 Julai
Leo amesimama. Nimetoa sadaka, nimemsomea Yasini. Hajaondoka.
Mwajuma kapiga simu, jicho vipi? Nikasema zuri. Mwosha hasemi alichokiona kwa maiti, anamsitiri. Nililelewa hivyo, nikamfundisha Somoe hivyo. Na hili nimelifungia hukohuko. Maneno ya nesi nayakumbuka. Lakini nesi hajui nilichofanya.

Alhamisi, 17 Julai
Amefunika jicho lote. Nimejimwagia chai mkononi. Mwajuma kasikia kwa majirani, anakuja kunichukua.

Ijumaa, 18 Julai
Kibaha. Retina imechanika na kubanduka, ile ngozi ya ndani inayopokea picha. Hutokea mara chache baada ya sindano, kasema daktari. Akauliza kivuli kilianza lini. Jumapili. Akaandika. Kisha akasema ningekuja Jumapili au hata Jumatatu, kuona kwa katikati kungeokolewa. Mwajuma analia kwenye benchi. Najichukia. Bado simwambii kwa nini nilikaa kimya.

Jumamosi, 16 Agosti
Walipasua. Retina imeshika, kuona hakukurudi. Naona mwanga wa mlango, na watu kama nguo zilizoanikwa. Naandika nikipapasa ukingo wa daftari.
Somoe kaja asubuhi na mihogo. Nikamwambia, mara ya kwanza kulitamka: sikumwosha Bi Zena sawasawa.
Akasema, "Mama, upande ule niliurudia. Huwa narudia nyuma yako tangu mwaka jana. Bi Zena mwenyewe ndiye aliyeniagiza, akanikataza kukwambia, usije ukaona aibu."
Mwaka mzima wamenisitiri, nami ningali hai. Bi Zena hakuwa akinidai kitu. Kilichosimama pale kilikuwa jicho langu tu, linaondoka, nami nalisomea Yasini.
Nilimwomba Somoe atafute mwenzake wa kuosha naye. Akasema haya. Tukamenya mihogo.