Mti Usiopakwa Rangi

Punta Sardina,
Jumapili, baada ya misa.

Dada yangu mpendwa Marcelina,

Pokea salamu zangu na za Mama, na za majirani wote ambao hawanioni njiani bila kukuulizia. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Bronx, wewe na shemeji na watoto, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepoa. Sisi hapa hatujambo. Mama anakula vizuri, ila goti lake linaanza kulalamika kabla mvua haijafika. Pipa la vitu ulilotuma tumelipokea salama. Miwani imemfaa Mama sana. Viatu vinanibana, lakini nitavivaa hivyo hivyo, maana nimekwisha kuringa navyo kanisani.

Juzi kwenye simu uliniuliza mbona Mama hasemi nami, na akitaka kitu anasema "mwambieni huyo". Nilikujibu kwamba ni uzee. Si uzee, Dada. Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, na hili nataka ulisikie hadi mwisho ndipo unitukane.

Nianze na kaka yetu Chencho. Tulikuambia kwamba mtaro ulipomporomokea kule Villa Alborada, kwenye mji wa kampuni, alikufa papo hapo, hata hakujua lililompata. Mama ndiye aliyetaka tuseme hivyo, akihofia utapanda ndege ukiwa na kichaa. Ukweli ni kwamba walimfukua akiwa hai.

Unaukumbuka ule ufuo tuliokuwa tukifukuza kaa tukiwa wadogo. Sasa una uzio na geti, na ndani ya uzio serikali haina neno. Kampuni ndiyo diwani, ndiyo polisi, ndiyo hakimu. Mkaguzi wa kazi alikuja kutoka mjini kuiangalia mitaro yao, maana waliichimba mirefu kuliko kimo cha mtu bila ubao hata mmoja wa kuzuia udongo. Walimrudishia getini, wakampa chupa ya maji baridi ya kunywa njiani. Wiki iliyofuata udongo ukashuka, na Chencho yumo ndani.

Zahanati yao ilisema mkataba wa vibarua ni wa homa na mikwaruzo, haumhusu mtu aliyepondwa kifua. Msimamizi akakataza asibebwe, wangojwe wenye machela. Wenye machela walikuwa wamefika na gari lao kutoka mjini, lakini walikuwa getini. Utaratibu wa pale ni kwamba mtu wa serikali haingii, awe na gari au kwa miguu, mpaka bosi mkubwa, Bwana Urrutia, aguse kibali kwenye simu yake kwa kidole chake mwenyewe. Siku hiyo simu aliizima. Alikuwa baharini na wageni, anawaonyesha pomboo. Tino, mtoto wa shangazi, ndiye aliyekuwa zamu getini; alipiga na kupiga mpaka machozi yakamtoka.

Mimi na Mama tulisimama nje ya lile geti. Wenzake Chencho walikuwa wanakuja kutupa habari. Mmoja akasema anaomba maji. Mwingine akasema anamuulizia Mama. Wa mwisho alivua kofia tu.

Baada ya matanga Mama alikwenda kwa sajenti wa kituo chetu. Akaambiwa, "Mama, hayo ni mambo ya ndani ya uzio. Huko mkono wangu haufiki." Akaenda kwa kampuni. Wakamweleza kwa adabu kubwa, na kiti wakamletea, kwamba hakimu wao anakaa nchi nyingine, anasikiliza kwa kioo cha kompyuta, na anawasikiliza tu waliotia saini mkataba na mji wao. Chencho alitia saini, lakini amekufa. Mama yu hai, lakini hakutia saini. Basi shauri likaishia hapo, na kiti wakakichukua.

Sasa nikukumbushe ile miti ya manzanillo, yenye utomvu wa sumu unaochoma ngozi na macho. Unajua kila mwaka kabla ya Juma Kuu tunaizungushia mstari mwekundu, ili wageni wasijikinge mvua chini yake wala watoto wasiume matunda yake. Kampuni ilipoweka uzio, Bwana Urrutia aliona ile michirizi myekundu inaharibu sura ya ufuo, akaamuru mashina yote yapakwe chokaa, mnazi na manzanillo sawasawa, kama mlolongo wa wanafunzi siku ya gwaride. Kamati ya kijiji ilikwenda kumwonya. Akawajibu kwamba ndani ya uzio mambo ya miti ni ya kampuni, na kama wana ushauri wauandike kwa Kiingereza. Waliambiwa, Dada. Hilo ulishike vizuri kabla hujanihukumu.

Kisha ikaja ile dhoruba ya kaskazini na kuung'oa manzanillo mmoja. Wakaukatakata kwa mashine, wakaurundika, ukakauka juani. Muda si mrefu nikaitwa mimi. Bwana Urrutia alikuwa na wageni wenye fedha, anataka wale chakula chetu ufuoni, ngoma zipigwe, moto mkubwa uwashwe. Wakaniambia hakuna anayeponda ndizi na kupika samaki kwa tui kama mimi, na hapo hawakusema uongo. Nilikubali. Kijiji kizima kilinishangaa. Tomasa wa dukani aliniambia mbele za watu, "Fracia, usisahau kuosha mikono, bado ina udongo wa kaburi la kaka yako."

Siku ya karamu Bwana Urrutia alinikuta napanga mafiga yangu. Akauonyesha ule mrundo wa kuni, akaniuliza kama zinafaa kwa moto wa kuchangamsha wageni. Nilizitambua kabla hajamaliza kuuliza: zilikuwa za ule manzanillo. Nikamjibu, "Zinawaka vizuri sana, Bosi." Zinawaka vizuri kweli.

Mimi nilipikia makumbi ya nazi, mbali, upande unaotoka upepo. Wapiga ngoma wetu niliwaambia wakae upande wa bahari, na wasichana wa kupakua wasivuke mafiga yangu kabla sijawaita. Wageni walipangiwa viti upande wa nchi kavu, na jioni ile upepo ulivuma kutoka baharini kama kawaida yake. Bwana Urrutia aliwasha moto mwenyewe. Aliinama akaupuliza, anapigwa picha.

Kwanza walidhani ni moshi tu, wakacheka na kupangusa macho. Kadiri walivyopangusa ndivyo yalivyovimba. Kabla samaki hajaiva hakuna aliyekuwa akimwona mwenzake, na daktari wa zahanati alikuwa mmoja wa waliokuwa wakipapasa mchanga. Mgeni mmoja aliweza kupiga simu mjini. Gari la wagonjwa likaja mbio, likasimama getini. Tino akasema anangoja kibali. Mimi sikuwa nimemwambia neno, aliyoyafanya aliyafanya kwa akili yake. Simu ilikuwa mkononi mwa Bwana Urrutia safari hii, inalia na inalia, lakini haoni pa kugusa.

Ikabidi wageni washikwe mikono wapelekwe getini kwa miguu, ambako wauguzi walikuwa na maji safi ya kuwaosha macho. Njia ni fupi na imenyooka. Mimi nikamshika mkono Bwana Urrutia. Dada, nakuapia kwa roho ya Baba, nilipomshika nilikuwa nimekwisha kuridhika. Nilitaka aumie na alikuwa ameumia. Nilikuwa nampeleka akaoshwe.

Akaniambia, "Asante, mama. Wewe nani?"

Nikamwambia, "Mimi dada yake Chencho."

Akasema, "Chencho yupi?"

Nilimgeuza palepale, nikaiacha lami upande wa kulia na kuingia naye njia ya nyuma, ile inayozunguka mabweni ya vibarua na kupita kwenye mitaro. Aliniuliza kama tunafika. Nikasema karibu tu, Bosi. Nilimfikisha kwenye ukingo wa mtaro ule ule, ambao mpaka leo haujafukiwa, nikasimama naye hapo akinishikilia kwa mikono miwili kama mtoto anayefundishwa kuogelea. Nilipata wazo, sitakuficha. Kisha nikaendelea naye. Tulipofika getini wenzake wote walikuwa wamekwisha kuoshwa.

Haya ndiyo niliyotaka kukuungamia. Si zile kuni, maana hizo walizichagua wenyewe. Ni ile njia. Wageni wote wamepona, macho yamefunguka. Bwana Urrutia jicho la kushoto limekufa, na muuguzi wa mjini aliniambia kwamba kama angeoshwa pamoja na wenzake lingepona. Angekumbuka jina moja tu, Dada, angekuwa na macho mawili.

Usiogope polisi. Bwana Urrutia alikuja kwenye kituo chetu na bendeji usoni, anamtaka mwanamke aliyemzungusha akamatwe. Nilikuwa nje ya dirisha nauza mkate wa muhogo, nikamsikia sajenti akimwambia pole sana, Bwana, hayo ni mambo ya ndani ya uzio, huko mkono wangu haufiki. Na yule hakimu wao wa kwenye kioo hanipati, maana mimi nilikuwa kibarua wa siku moja, sikutia saini popote. Nilimuuzia dereva wake mikate miwili. Sikumbuki lini niliwahi kulala usingizi mzuri kama siku ile.

Ila Mama nilimwambia. Nilidhani atafurahi. Alikuwa akikuna muhogo, akaacha, akaniangalia kwa ile miwani yako mpya. Akasema, "Mimi nilitaka mwanangu. Wewe umeniletea jicho la mtu. Nilipike?" Tangu hapo hajasema nami.

Mwaka unakaribia kutimia, na Chencho amemjia Mama ndotoni, anasema bado ana mchanga mwilini, anataka kuoga. Kwa hiyo tutachimba shimo nje ya nyumba na kila ndugu atammwagia maji yake, kama tulivyomfanyia Baba. Mama amenitumia ujumbe kwa Tino. Amesema sitachota hata kibuyu kimoja cha maji hayo mpaka niende Alborada nikairudishie miti yote mistari yake myekundu, bila kubakiza hata mmoja, ili asiumie mtu mwingine kwa mkono wangu. Kampuni yenyewe inaomba alama hizo siku hizi. Wamepata adabu, mti wenye alama hawaukaribii, na usio na alama wanauamini kama kitanda cha mama yao.

Nimekwenda na kopo la rangi. Nimepaka mmoja baada ya mwingine, na ile ya karibu na shule yao nimeizungushia mara mbili. Umebaki mmoja tu. Uko mbele ya baraza ya Bwana Urrutia, una kivuli kizuri, na baada ya kuona hauna alama amefunga machela yake ya kupumzikia chini ya matawi. Mvua za Oktoba ziko njiani, na unajua maji ya mvua yanayodondoka kwenye majani yale yanavyochoma. Nilisimama pale na brashi mkononi. Aliniona kwa lile jicho lililobaki, akanisalimia, hakunijua. Nikafunika kopo nikarudi nyumbani.

Kwa hiyo nakuomba, Dada yangu, uombe ruhusa kazini na uje. Njoo umwogeshe kaka yetu, na ukishammwagia maji yako, ummwagie na yangu. Mimi nitasimama nyuma, upande wa jikoni.

Msalimie shemeji, na watoto uwabusu wote. Majirani wanasema usiwasahau kwenye pipa lijalo, na Tomasa, ambaye sasa ananikatia jibini nene kuliko wenzangu, anataka miwani kama ya Mama. Mungu akulinde na baridi ya huko.

Mimi mdogo wako anayekupenda,
Eufracia