Schmidt Maana Yake Mhunzi

Jumatatu, 4 Machi
Maktaba tena baada ya vipindi. Müller: msaga nafaka. Fischer: mvuvi. Schneider: mshonaji. Zamani Wajerumani wengi waliitwa kwa kazi zao, watoto wakarithi jina hata kama hawajui kushika sindano. Madam Rozi anataka nisome haya Ijumaa mbele ya wageni kutoka Ujerumani. Mimi, ambaye hata kuitikia mahudhurio sauti inakwama. Nimekubali. Mjinga.

Jumanne, 5 Machi
Nimemsomea Baba karatasi yangu hapa kijijini Mollo, akiwa anafua jembe kutoka springi ya lori. Nilisimama mlangoni. Hataki mwanamke asogelee moto wa chuma; ndivyo alivyofundishwa na babu yake, aliyeyeyusha chuma kwenye matanuru ya udongo. Nilipofika Schmidt, mhunzi, nyundo ilisimama.
"Mhunzi? Na hawaoni aibu?"
"Baba, wamejaa huko."
Akacheka hadi akakohoa. "Basi mimi ndiye Bwana Schmidt wa Mollo!" Amenifanya niurudie mstari wa Schmidt mara tatu. Ijumaa atakuja.
Kwenye fomu ya shule, kazi ya mzazi, niliandika mfanyabiashara. Darasani nilisema ana duka mjini. Baba hajui.

Jumatano, 6 Machi
Beni, kwa sauti, ili darasa zima lisikie: "Sesi, Ijumaa mshua wako analeta soda za dukani? Kreti mbili tu, mshikaji wangu!" Wakacheka. Oliva ninayekaa naye dawati moja, anayepajua kwetu, akaninong'oneza: "Si uwaambie tu." Nilimchukia kipindi kizima.

Alhamisi, 7 Machi
Nimemfuta Schmidt kwenye karatasi, Baba asije akajitaja mbele ya darasa. Mstari mmoja tu. Labda Baba hatagundua.

Ijumaa, 8 Machi
Baba alikaa nyuma, shati la kanisani, mikono imesuguliwa lakini weusi bado kwenye mistari ya viganja. Magotini jembe jipya, limefungwa kitenge. Zawadi kwa wageni.
Nilisoma. Sauti ilitoka. Makofi. Kisha mgeni mmoja mzee akasimama, Kiswahili chake safi: "Mimi naitwa Schmidt. Mababu zangu walifanya kazi gani, binti?"
Beni alikuwa ananitazama. Baba naye, anatabasamu, anasubiri.
Nikasema, "Sijui."
Baba aliinamisha kichwa. Jembe halikufunguliwa. Ameondoka nalo kwapani.

Jumapili, 10 Machi
Tumeenda misa, tumerudi. Anaitikia shikamoo yangu, basi. Angenifokea ningepona. Jembe liko nyuma ya mlango, bado kwenye kitenge.

Jumatatu, 11 Machi
Nimemwomba Madam Rozi fomu yangu. Nimekata mfanyabiashara. Nimeandika mhunzi.
Beni alichungulia. "Mhunzi? Na duka?"
"Hakuna duka. Hakuna soda."
Akapiga mluzi. Nikangoja kicheko. "Sasa ulikuwa unaficha nini? Mundu wa bibi yangu umekatika tangu mavuno. Nikuletee?"

Jumatano, 13 Machi
Nimempelekea Baba mundu wa bibi yake Beni. Nikiwa mlangoni nikamwambia yote: fomu, duka, mstari niliofuta. Aliugeuza mundu mkononi, akapima ulipokatikia kwa kidole gumba.
Halafu akasogeza kigoda kando ya mivukuto ya kupulizia moto.
"Njoo ukae."
Nikavuka kizingiti. Nikashika vishikio, nikaanza kwa haraka, cheche zikaruka.
"Taratibu, mwanangu. Moto haukimbizwi."
Nikapunguza. Chuma kikawa chekundu.