Sahani Zako Zimerudi, Zuwena

Zuwena, shoga yangu,

Sikuulizi hali. Naamini yako ni nzuri kuliko yangu, maana mie niko Nizwa na kiyoyozi changu kimeamua kupuliza joto. Nakuandikia kwa kuwa limetokea jambo la kufurahisha, na watu wote ambao ningependa kuwahadithia nimekatazwa kuwahadithia. Umebaki wewe.

Nianze na sahani. Ulipotuondokea, majirani walileta vyakula kwako kama kawaida yetu: huyu harisi, yule pilau, mwengine mikate ya ufuta kana kwamba msiba ni harusi. Hitima ikaisha, wageni wakatawanyika, na jikoni kwako zikabaki sahani za watu zimerundikana mpaka zinaziba dirisha. Wanao wakanikabidhi mie. Walisema, "Bi Rahma, wewe unazijua zote." Kweli nazijua. Mtu niliyempikia harusi ya wanawe, sahani yake naikumbuka kabla ya jina lake.

Na sisi hatukulelewa kumrudishia mtu sahani tupu. Basi nikafunga kanga kiunoni, nikasimama mbele ya jiko lako na kuchoma vitumbua. Nilikuwa nalia. Kama kuna nyumba iliyopata vitumbua vyenye chumvi, inisamehe.

Nikawa nazirudisha moja moja, mpaka nikafika mtaa wa Firq kwa Bi Asha. Unamkumbuka, yule mwenye asili ya Tabora, mumewe fundi magari, mama yake Maryam. Aa, nani nimwulizaye? Maryam ndiye uliyekuwa ukimwita mwalimu mdogo, aliyekuwa akikusahihisha wewe mwenyewe katika ile saa ya Kiswahili uliyokuwa ukisomesha skulini baada ya adhuhuri, na wewe ukijidai umekosea makusudi.

Bi Asha alinipokea kwa kahawa, tukaulizana habari za watu wote walio hai. Kisha akasema, akiangalia dalla, lile birika la kahawa, wala si mimi, kwamba mwaka huu Maryam atahama skuli. Basi linamchosha mtoto. Zuwena, Maryam huyo huyo ambaye kila asubuhi hulisubiri basi amepanda juu ya ukuta. Alikuwa amekaa mlangoni, akanitazama kama mtu aliyetumwa na wewe. Nikala kitumbua changu mwenyewe. Nilikwishasikia kwamba gereji imepunguza mafundi.

Nawe unamjua yule Bwana Nassor wetu, mwenyekiti wa skuli, mtu wa dishdasha isiyokunjamana hata akiamka. Baada ya wewe kuondoka, alibandika tangazo getini: mzazi mwenye uzito wa ada aje ofisini, atapunguziwa. Nia safi kabisa. Lakini mlango wa ofisi unatazamana na geti, na getini ndipo Nizwa nzima inapoegesha magari kusubiri watoto. Nani ataingia pale? Alikwenda baba mmoja, akafika mlangoni, akamwona Bwana Nassor, akauliza choo kiko wapi. Bwana Nassor akamwonesha choo. Hakuja mwengine. Yeye akafurahi, akasema alhamdulillahi, kumbe watu wetu hawana shida.

Hapo ndipo nilipokukumbuka wewe na yule mwenzako Hana, Myahudi mliyelala naye chumba kimoja chuoni Uingereza, ukapika nyama, akakwambia yeye ana masharti yake, ukamwambia na wewe una yako, mkala mayai mwaka mzima. Ulikuwa ukinihadithia kuhusu skuli ya jamaa zake: asubuhi dini na lugha yao ya kale, mchana hesabu, na ada zinazowatoa watu jasho. Wazazi waliokuwa nazo walilipa, wasio nazo waliwaondoa watoto na kusingizia umbali. Nilicheka nikasema hao ni sisi. Ukaniambia dawa waliyoipata: kila nyumba, hata ya tajiri wa kwanza, inaulizwa inaweza kiasi gani, na hicho ndicho ada yake. Ukagonga meza, "Waulizwe wote, Rahma, au asiulizwe mtu." Ulipompelekea Bwana Nassor shauri hilo, akakwambia hiyo ni ndoto. Ukamwaga kwa adabu, ukaondoka na ndoto yako.

Basi nikamwendea. Tukanywa kahawa, tukala tende, tukaulizana habari za mbuzi wake. Halafu nikamwambia: tupeleke sahani kila nyumba yenye mtoto skulini. Ndani vitumbua, na katikati beji ya mwaka mpya, ile anayoibandika mtoto kifuani ndio aingie darasani. Beji itangulie, ada ifuate. Sahani irudi kwa wakati wake, imefunikwa kawa, na chini ya kawa kiwemo kile ambacho nyumba ile inaweza. Sahani ya jirani nani ataikataa?

Akasema, "Bi Rahma, walimu hawalipwi vitumbua."

Nikasema najua.

"Na zikirudi na mikate mitupu?"

"Tutakula mikate, kisha utafunga skuli umeshiba."

Hakucheka. Alikuwa na haki ya kuogopa; walimu wana watoto nao, na skuli ikifungwa, haitapotea ada tu, itapotea na saa yako ya Kiswahili. Mwisho akasema, polepole, kwamba Mwalimu Zuwena alimshauri jambo na yeye alimjibu vibaya. Akatoa masharti mawili. Sahani iende kila nyumba, na yake ikiwemo. Na kawa alifunue mtu mmoja tu, naye awe mtu asiyesema. Akatazama huku na huku akimtafuta mtu huyo. Mwishowe akanitazama mimi, akaguna.

Sahani tulizotumia ni zako. Zile za maua ya kijani, za wageni, ambazo wageni hawakuwahi kuziona kwa jinsi ulivyozificha. Wanao walizitoa wenyewe. Dereva wa basi alinizungusha, na kila mlango nilisema maneno yale yale: mtoto wenu ameshaingia, sahani tunaingojea, kwa kadiri ya nyumba. Kwa Bi Asha alipokea Maryam. Aliiona beji kabla ya vitumbua.

Kisha tukangoja. Kila baada ya alasiri Bwana Nassor alinipigia simu, haulizi hali, haulizi jamaa, mtu wa Dakhiliyah mzima, mkoa wetu wa salamu ndefu: "Zimerudi?" Sahani ya kwanza ikaja kutoka nyumba yenye magari matatu mlangoni. Nikafunua. Halwa. Halwa peke yake, tena si ya leo. Nikafunika, nikamwomba Mungu anisamehe niliyoyawaza, na nikaanza kuwaza namna ya kumwambia Bwana Nassor.

Ya pili ikafika, na ya tatu, na baadaye wakawa wanapishana mlangoni. Zuwena, kulikuwa na mambo mawili ambayo sikuyapigia hesabu. La kwanza, watu walijua sahani ni zako, maana sifa za kufichwa kwake mji mzima umezisikia. Hakuna aliyetaka kuirudisha sahani ya Zuwena na kitu cha kumtia aibu marehemu. La pili, wanajua kwamba mimi ni Rahma. Mji mzima unaamini mdomo wangu haujawahi kufungwa ila kwa chakula. Wenye nacho walijaza sahani wakiwa na yakini kwamba kabla ya Ijumaa kila mtu atajua nani kajaza. Hata yule wa halwa alileta sahani ya pili, anasema ile ya kwanza ilikuwa ni ya kuonja tu.

Nami sijasema. Wanaumwa, shoga yangu. Juzi kwenye harusi bibi mmoja, jina silitaji, aliniuliza kwa sauti ya kusikika mpaka upande wa wanaume, "Sahani yangu ilifika salama, Bi Rahma?" Nikamjibu, "Sahani ilifika." Akakasirika hata biriani hakumaliza. Sijapata raha kama hii tangu niolewe.

Walimu wamepata mishahara yao. Hakuna mtoto aliyehama, hata mmoja. Bwana Nassor amelibandua tangazo kwa mkono wake, na nasikia aliposhushiwa sahani yake alivipekua vitumbua kuona kama vya wengine ni vingi kuliko vyake. Yule Hana nimemwandikia kwa msaada wa mwanao. Amejibu kuwa amelia, kisha amecheka, na anataka kujua kitumbua ni nini.

Sahani ya mwisho ilikuwa ya Bi Asha. Nilianza kuhofu kuwa haiji, kwamba beji nayo itarudishwa kwa heshima. Asubuhi ya kufungua skuli basi likasimama, na Maryam akashuka ameibeba kwa mikono miwili, anatembea kama aliyebeba maji. Beji iko kifuani, imepinda kidogo. Akaniamkia, akanipa, akasema mama yake ameomba nisifunue mpaka yeye aingie darasani. Nikangoja. Alipofika mlangoni aligeuka kuangalia kama nimetimiza. Nilikuwa nimetimiza. Akaingia, akakaa pale pale alipokuwa akikaa, karibu na dirisha lako.

Nilipokaa kukuandikia, niliazimia kukwambia kilichokuwemo. Sasa naona siwezi. Ilikuwa ya moto bado, na ilinukia iliki. Zaidi ya hapo sisemi, hata kwako.

Lala salama, shoga yangu. Sahani zako nimeziosha mwenyewe, hakuna iliyovunjika, na sizirudishi kabatini. Kila mwaka zitatoka, na nitakayoyaona chini ya kawa nitakuja nayo huko uliko, mdomo umefungwa. Najua hutaamini mpaka unione.

Wako,
Rahma